Uji wa miezi mitatu: ushauri huu unatoka wapi, na unakosea wapi hasa?

LisheKandaYaKati (mwanzisha uzi)

Habari za leo wanajamvi. "Mtoto wa kiume hashibi ziwa peke yake, akifika miezi mitatu mwanzishie uji." "Akila vidole ujue ana njaa." "Akimkodolea macho baba yake anapokula anatamani huyo, mlambishe." "Uji wa usiku unamlaza mpaka asubuhi." Maneno haya yamejaa kwenye magrupu ya akina mama, kwenye mabenchi ya kliniki, na zaidi nyumbani, kwa bibi au shangazi anayempenda mtoto kwa dhati. Mama hawezi kumjibu mkwewe kwa "nimesoma mtandaoni". Anahitaji sababu anayoweza kuionyesha kwa nini Shirika la Afya Duniani linasema maziwa ya mama pekee mpaka miezi 6. Tuziweke hapa.

Naanza na dai ambalo kwangu ndilo mzizi wa yote: kwamba maziwa ya mama huisha nguvu mwezi wa tatu au wa nne. Anayelisema huwa na ushahidi mkononi, nao ni kadi ya kliniki. Mtoto alikuwa anaongeza zaidi ya kilo moja kila mwezi, halafu mwezi wa tano kaongeza nusu kilo tu. Basi maziwa hayatoshi.

Tazameni viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006, vilivyopatikana kwa kupima watoto walionyonyeshwa na wenye afya njema Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Mtoto wa kiume wa katikati anazaliwa na kilo 3.3. Mwezi mmoja ana 4.5, miwili 5.6, mitatu 6.4, minne 7.0, mitano 7.5, sita 7.9. Toa moja kwa nyingine: anaongeza kilo 1.2, halafu 1.1, 0.8, 0.6, 0.5, 0.4. Kasi hupungua yenyewe kwa mtoto mzima kabisa. Wa kike hupungua vilevile, ila huanzia chini kidogo. Mstari wa kadi umechorwa ukiwa umepinda kwa sababu hiyo. Cha kuogopa ni mstari wa mtoto kulala kabisa au kushuka na kukata mistari ya chini. Kupinda sambamba na ule uliochapwa si tatizo.

Sasa uje huo uji. Maziwa ya mama yana kilokalori 65 hadi 70 kwa kila mililita 100. Uji wa kichanga hupikwa mwepesi ili upite: unga gramu 20, yaani vijiko viwili hivi vya chakula, kwenye nusu lita ya maji. Gramu moja ya unga ina kilokalori 3.5 hivi, kwa hiyo sufuria nzima ina 70, na mililita 100 za uji huo zina 14. Tumbo la mtoto wa kilo 6 hubeba takribani mililita 180 kwa mlo. Ukimjaza 100 za uji, umemwondolea maziwa yenye nguvu mara nne au tano ya ulichompa. Na ziwa hutengeneza kwa kadiri linavyonyonywa, kwa hiyo baada ya siku chache maziwa yanapungua kweli. Kliniki inayofuata uzito umeshuka zaidi, na nyumbani wanasema, "Mnaona? Hata uji haumtoshi, muongezeeni."

MkungaWaPwani

Ahsante kwa uzi mkuu. Naomba nichukue kilio, vidole na usingizi.

Kuna vipindi mtoto hutaka kunyonya karibu kila saa kwa siku mbili tatu mfululizo, hasa karibu na wiki ya 3, wiki ya 6 na mwezi wa 3. Ananyonya, anaachia, analia, anarudi. Ndivyo anavyoliambia ziwa liongeze. Ukimpa uji siku hizo, ziwa halipati agizo.

Vidole mdomoni huanza miezi miwili au mitatu kwa sababu mikono ndiyo kitu cha kwanza anachoweza kukitawala. Kukodolea macho sahani ni hivyohivyo: anakodolea na simu, na feni, na hereni za mama.

Kipimo cha maziwa kutosha kipo kwenye nepi. Mkojo mara 6 au zaidi kwa saa 24, usio na rangi ya kukolea wala harufu kali, na uzito unaopanda kliniki. Hivyo viwili vikiwepo, kilio kina sababu nyingine: joto, gesi, kutaka kubebwa, homa, au tu jioni imefika. Visipokuwepo, apelekwe kliniki siku hiyohiyo watazame jinsi anavyolishika ziwa. Mara nyingi ananyonya chuchu tupu badala ya kujaza mdomo na ile sehemu nyeusi inayoizunguka, na hapo hata mama mwenye maziwa tele mtoto wake hatashiba.

Kuhusu usingizi niseme ukweli wote. Upo utafiti mkubwa wa Uingereza uliowaanzishia watoto wanaonyonya vyakula vingine tangu miezi 3, na walipofika miezi 6 walikuwa wanalala zaidi, kwa dakika 17 hivi kwa usiku. Dakika 17, kwenye nchi ambayo maji ya bomba yananyweka bila kuchemshwa. Mama wa Tandale au Kisauni anayeahidiwa usingizi mpaka asubuhi anauziwa kitu kisichokuwepo, na anachoweza kulipia ni kuhara.

Na maji je? Hata Dar ya mwezi Januari mtoto anayenyonya tu hahitaji maji. Sehemu 87 hivi kati ya 100 za maziwa ya mama ni maji. Ukiona joto kali, nyonyesha mara nyingi zaidi. Maji ya sukari, gripe water na dawa za mchango zote ziko kapu moja: zinachukua nafasi tumboni na zinaingiza vijidudu.

BabaWawili

Wakuu mimi nauliza tu. Ndugu walioko Ulaya wanasema madaktari wao wanataja miezi 4 hadi 6, tena wanawapa karanga mapema ili wasipate mzio. Sasa nani mkweli?

LisheKandaYaKati

Swali zuri BabaWawili, na wengi wanalitumia kama fimbo ya kuwapigia manesi wetu.

Chama cha Ulaya cha madaktari wa watoto wa mfumo wa chakula kilitoa msimamo mwaka 2017: chakula kisianze kabla ya miezi 4 kutimia, na kisicheleweshwe kupita miezi 6. Lakini waraka huohuo unasema kunyonyesha pekee kwa miezi 6 ni lengo la kulifikia. Serikali ya Uingereza yenyewe iliacha kusema miezi 4 ikahamia 6 mwaka 2003. Shirika la Afya Duniani limesimamia 6 tangu 2001, na mwongozo wake wa 2023 wa kulisha watoto wa miezi 6 hadi 23 haukubadilisha hilo. Hakuna kati yao anayesema 3.

Karanga: utafiti wa London uliotoka 2015 ulihusu watoto 640 waliokuwa tayari na pumu ya ngozi kali au mzio wa mayai. Walioanza karanga wakiwa na miezi 4 hadi 11 walipungukiwa na mzio wa karanga kwa takribani asilimia 80 walipofika miaka 5. Hilo ni jambo kubwa, na limefuta ushauri wa zamani wa kusubiri miaka. Kwa mtoto wetu wa kawaida maana yake ni kwamba akifika miezi 6, siagi ya karanga isiyo na chumvi wala sukari iingie kwenye uji wiki za mwanzo. Yai lililoiva kabisa vilevile. Wanaosema yai linachelewesha kusema wanamnyima mtoto chakula bora kuliko vyote vilivyomo ndani ya nyumba.

MkungaWaPwani

Nyongeza moja ambayo haisemwi kwenye mabenchi. Mama anayenyonyesha pekee, usiku na mchana, ambaye hajaona hedhi na mtoto wake hajafika miezi 6, amekingwa dhidi ya mimba kwa zaidi ya asilimia 98. Masharti ni matatu na yote lazima yawepo. Siku uji unapoanza, sharti moja limevunjika. Kwa hiyo anayemshauri mama aanze uji miezi mitatu, bila kujua anamshauri pia atafute njia nyingine ya uzazi wa mpango siku hiyohiyo.

DadaWaOfisini

Naona tunawasema bibi tu. Jamani, kwa nini miezi mitatu na si miwili au minne? Sheria ya ajira ya Tanzania ya 2004 inatoa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 kwa mapacha. Siku 84 ni wiki 12. Mama anarudi kazini, mtoto anabaki na dada wa kazi, na mkebe wa maziwa haununuliki. Uji unaanza hapo, na sababu za "hashibi" zinatafutwa baadaye. Huyo mama msimpe lawama, mpeni njia.

MkungaWaPwani

Umesema kweli dada, na njia ipo. Sheria hiyohiyo inampa mama hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Aziombe kwa maandishi kabla hajarudi.

Kukamua kuanze wiki mbili kabla ya likizo kuisha, mara moja kwa siku, asubuhi baada ya mtoto kunyonya, maana ndipo maziwa huwa mengi. Osha mikono kwa sabuni. Chombo kiwe cha kioo au plastiki ngumu chenye mfuniko, kilichooshwa na kuchemshwa. Kanda ziwa taratibu. Weka kidole gumba juu na cha shahada chini, sentimita 2 hadi 3 nyuma ya chuchu, sukuma kuelekea kifuani, kisha bana na uachie. Usivute chuchu wala kutelezesha vidole juu ya ngozi. Hapo ndipo wengi wanapoumia na kusema kukamua hakufai. Zungusha vidole upate pande zote, dakika 20 hadi 30 kwa maziwa yote mawili. Siku za kwanza yatatoka matone, na hilo ni kawaida.

Mtoto wa umri huu hunywa karibu mililita 750 hadi 800 kwa siku nzima. Kwa saa 9 za mama kutokuwepo, andaa vikombe vitatu vya mililita 90 hadi 120. Nje ya friji yakae saa 4 tu, na kwa joto letu nisingejaribu zaidi. Ndani ya friji, nyuma kabisa na si mlangoni, siku 4. Kwenye jokofu la kugandisha, miezi 6. Kuyapasha, weka chombo ndani ya bakuli la maji ya moto, usichemshe maziwa yenyewe. Alishwe kwa kikombe kidogo kisicho na ncha, mtoto akiwa ameketishwa, kikombe kikigusa mdomo wa chini na yeye mwenyewe akilamba. Usimmiminie. Chupa yenye chuchu ya mpira ni ngumu kuisafisha, na inaweza kumfanya mtoto alisuse ziwa jioni.

ChatuYaMaji

Na kwa mama anayeishi na VVU?

MkungaWaPwani

Anyonyeshe pekee miezi 6 huku akimeza ARV kila siku bila kuruka, na aendelee kunyonyesha baadaye pamoja na vyakula vya nyongeza kama kliniki yake ilivyompangia. Uji wa mapema unakwaruza utumbo ambao bado ni mlango wazi. Lakini kama mtoto keshalambishwa uji na ndugu, mama asiache ziwa kwa hofu. Aendelee na dawa, aendelee kunyonyesha, amweleze muuguzi.

LisheKandaYaKati

Sasa upande wa pili, maana kuna wanaoogopa uji mpaka wanavuka hiyo miezi 6. Mtoto wa miezi 8 anayenyonya tu yuko hatarini kama yule wa miezi 3 anayenyweshwa uji. Madini chuma aliyozaliwa nayo huisha karibu na miezi 6. Maziwa ya mama yana takribani miligramu 0.3 tu kwa lita, wakati mahitaji yake baada ya hapo Marekani wanayakadiria kuwa miligramu 11 kwa siku. Chakula ndicho kinachojaza pengo hilo, na uji wa mahindi peke yake haulijazi, kwa sababu kemikali iliyomo kwenye nafaka (faiteti) hulishikilia hilo chuma lisifyonzwe.

Kinachojaza ni ini la kuku lililochemshwa na kupondwa, kijiko kimoja cha chakula mara mbili kwa wiki (si kila siku, vitamini A yake ni nyingi mno). Unga wa dagaa: osha mchanga mara tatu, kausha, kaanga bila mafuta mpaka wavunjike kwa vidole, saga, chuja kwa chujio la chai, weka kijiko cha chai kwenye kila bakuli. Nyama iliyosagwa. Maharage yaliyolowekwa usiku, maji yakamwagwa, yakapikwa mpaka kupasuka na kupondwa. Tunda lenye uchachu kidogo, papai au chungwa, liwe kwenye mlo huohuo. Rozela na juisi ya bitiruti vina rangi ya damu, lakini rangi haiongezi damu. Chai, hata ya maziwa, asipewe kabisa. Inazuia chuma kufyonzwa.

Kiasi: miezi 6 anza na vijiko 2 hadi 3 vya chakula, mara mbili kwa siku, baada ya kunyonya. Panda taratibu mpaka nusu kikombe cha mililita 250, mara 2 hadi 3, kufikia miezi 8. Miezi 9 hadi 11, nusu kikombe kamili mara 3 au 4, na kitafunwa kimoja kama ndizi mbivu. Mwaka mmoja na kuendelea, robo tatu hadi kikombe kizima. Ziwa liendelee mpaka miaka miwili au zaidi. Yule anayeambiwa aache kwa sababu "atambemenda mtoto" ajue kwamba tendo la ndoa haliharibu maziwa.

Sampuli ya uji wa siku, milo miwili: maji mililita 250, unga vijiko 4 vya chakula vilivyosawazishwa. Koroga unga na maji baridi kwanza, pika dakika 15. Epua, weka siagi ya karanga kijiko 1 cha chakula na mafuta ya kupikia kijiko 1 cha chai. Hapo una kilokalori 240 hivi, mara nyingi zaidi ya ule mwepesi. Geuza kijiko: uji ukidondoka kama maji, haujafika. Usiweke chumvi, sukari wala asali. Asali ni marufuku kabla ya mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kubeba mbegu za kijidudu kinacholegeza misuli ya mtoto mpaka ashindwe kupumua. Na kama huna friji, usimpe kiporo cha mchana jioni; pika nusu ya vipimo hivi kwa kila mlo.

MashineYaUnga

Niongezee kuhusu unga wa lishe, maana hapo kuna makosa ya mashineni. Watu wanaleta mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama, soya, karanga, maharage na dagaa, vyote mfuko mmoja, visagwe pamoja. Idadi ya nafaka haiongezi lishe. Nafaka nne ni wanga uleule mara nne. Soya mbichi ina kitu kinachozuia protini kumeng'enywa, na dakika kumi za uji hazikiui. Lazima ichemshwe dakika 30, ikaushwe, ndipo isagwe. Karanga na dagaa wakisagwa ndani ya unga, mafuta yao huchacha baada ya wiki chache. Saga nafaka moja au mbili, vingine viongezwe sufuriani.

Kubwa zaidi ni sumukuvu. Kenya mwaka 2004 mahindi yenye kuvu yaliua watu 125, na Dodoma na Manyara tulipata mlipuko 2016. Kiwango cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo, na jicho halikioni. Kuchemsha hakuitoi. Chambua kabla ya kusaga: karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye uchungu, na mahindi yaliyotobolewa, tupa. Usimpe hata kuku. Ndiyo maana ulezi naupenda kwa mtoto. Hushambuliwa kidogo kuliko mahindi.

Anayetaka uji mzito unaomezeka atengeneze kimea. Loweka ulezi saa 12, chuja, tandaza juu ya kitambaa kibichi, funika, nyunyizia maji siku 2 hadi 3 mpaka uchipue. Anika mpaka ukauke kabisa, sugua na upepete mizizi na vichipukizi, saga. Ukitumia mtama usiruke hatua ya kupepeta, vichipukizi vyake vina sumu ya saianidi. Pika uji mzito karibu na ugali, epua, acha upoe kidogo, tia kijiko 1 cha chai cha kimea kwa kila mililita 250, koroga. Ndani ya dakika 10 utaona umelegea wenyewe bila kuongeza maji. Rudisha jikoni uchemke tena dakika 5, kwa kuwa kimea ni kibichi. Wanaokosea hukitia uji ukiwa unatokota, kimea kinakufa, halafu wanasema hakifanyi kazi.

BabaWawili

Na mtoto wa miezi 6 anayetema kila kijiko? Nyumbani wanashauri abanwe pua anyweshwe kwa kiganja.

MkungaWaPwani

Hapana, hapana kabisa. Akibanwa pua anavuta hewa kwa mdomo uliojaa uji, na uji unaingia mapafuni. Huko ndiko nimonia inakotoka.

Tazama kwanza kama yuko tayari: anakaa akishikiliwa kidogo, shingo imesimama, na ulimi hausukumi tena kijiko nje. Huo ulimi wa kusukuma ni kinga ya kichanga, na huondoka kati ya miezi 4 na 6. Kama bado upo, subiri siku 4 au 5 ujaribu tena. Aliyezaliwa njiti huhesabiwa tofauti, na kliniki ndiyo impangie. Chakula kipya anaweza kukikunjia uso mara 8 au 10 kabla ya kukikubali. Weka nusu kijiko, subiri afungue mdomo, akigeuza kichwa umemaliza.

Kukohoa na kutaka kutapika kwa kelele ni kawaida, usimwingizie kidole. Kupaliwa kwa hatari kuna kimya: hakohoi, halii, midomo inabadilika rangi. Mlaze kifudifudi juu ya mkono, kichwa chini, mpige kati ya mabega mara 5 kwa kisigino cha kiganja. Bado? Mgeuze, bonyeza kifua kwa vidole viwili mara 5, rudia huku mnakwenda hospitali. Karanga nzima, bisi, pipi na karoti mbichi visimfikie.

DadaWaOfisini

Swali la mwisho kwa niaba ya wengi wanaosoma kimya. Kama uji ulishaanza, na mtoto ana miezi minne sasa?

MkungaWaPwani

Hajachelewa. Kama anakula mara mbili, ondoa mlo mmoja leo, na mwingine baada ya siku 3. Mpe ziwa kila baada ya saa mbili mchana na akitaka usiku, maziwa yote mawili kila mara, na kama unaweza kamua kidogo baada ya kunyonya. Maziwa hurudi ndani ya siku kadhaa hadi wiki. Atalia zaidi siku mbili za mwanzo. Hesabu nepi, usihesabu vilio. Mpime baada ya wiki moja. Akikojoa chini ya mara 6, au mzani ukiwa haujapanda, muone muuguzi siku hiyo. Na bibi mpe kazi ya kumbeba na kumwogesha mtoto, halafu kadi ya kliniki aishike yeye, ajionee mstari unavyopanda.